Ushauri: Simu inanivurugia maazimio, je, nirudie kitochi?

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mke na mama wa watoto wawili, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga. Ninatunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi lililopo Ngamiani. Niliajiriwa kama muuzaji wa kaunta, lakini kadiri miaka ilivyokwenda mwenye duka alinikabidhi kila kinachohusu fedha, kuanzia daftari la wadeni hadi mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, na sijawahi kuacha duka lifungwe bila kutoa ripoti ya Z, yaani muhtasari wa mauzo ambao mashine hiyo huuchapa siku inapofungwa, hata nikiwa na homa. Ninayataja haya ili uelewe kwamba kazini sijulikani kuwa mtu mzembe. Uzembe wangu uko nyumbani, na ndio unaonifanya nikuandikie.

Desemba iliyopita niliandika maazimio matano na kuyabandika kwenye mlango wa friji. Kwanza nilipanga kuamka saa kumi na moja alfajiri, niswali, kisha nitembee kuelekea Raskazone na kurudi kabla watoto hawajaamka, kwa kuwa kliniki niliambiwa presha yangu imeanza kupanda. Pili, niweke akiba kila wiki ili mwaka ukiisha niwe na mabati ya kuezekea nyumba tunayoijenga kidogo kidogo kule Pongwe. Tatu, nisome kila siku kwa ajili ya mitihani ya Bodi ya Wahasibu ya mwezi Novemba, ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu nimpate mtoto wa pili. Nne, nilale saa nne usiku. Tano, nipunguze WhatsApp.

Sasa tuko Aprili, na karatasi ile imegeuka kichekesho cha nyumba. Binti yangu wa darasa la sita ameiongezea azimio la sita kwa penseli: “Mama asitafute simu ilhali anaiongelea.” Baba yake alicheka hadi akapaliwa.

Kinachoniuma ni kwamba sikuangushwa na jambo kubwa. Nimeangushwa na vijambo ambavyo hata kuvisimulia ni aibu. Mwezi Januari simu ilijisasisha yenyewe usiku, ikazima na kuwaka tena, ikabaki inasubiri niiwekee namba ya siri, na kengele haikulia. Nilishtuka jua limeshatoka. Kuanzia hapo nikawa siiamini. Naamka usiku wa manane kuhakikisha kwamba kengele imewekwa, na nikishaishika simu nakuta meseji, nazijibu, usingizi unakatika, na saa kumi na moja inanikuta nimelala fofofo. Waya wa chaji nao unakubali kwa mkao mmoja tu, mpaka niukunje na kuukandamiza kwa kopo la mafuta ya mgando. Mtoto akiusogeza kidogo, asubuhi naikuta simu imezima.

Masomo yananishinda kwa sababu ya kifurushi. MB za mchana ni chache na zinaisha kwa shughuli za kazi, ilhali za usiku ni nyingi lakini huanza kutumika saa sita. Basi nasubiri saa sita ndipo nifungue video za mafunzo ya uhasibu, nazitazama huku nasinzia, na zikiisha najikuta nimehamia kwenye video za watu wanaopika pilau. Wakati mwingine hata hilo haliwezekani, kwani simu inaniandikia kwamba nafasi imejaa. Nafasi hiyo imejazwa na makundi ya WhatsApp: ukoo, wazazi wa darasa, kikoba, na kamati za harusi tatu kwa mpigo. Katika kamati hizi kila anayechangia hunakili orodha nzima ya majina, akajiwekea alama ya vema mbele ya jina lake na kuirudisha kundini, kwa hiyo orodha moja ya watu themanini inaweza kuingia kwenye simu yangu mara arobaini kwa siku.

Akiba niliamua kuiweka kwenye simu pia, katika ile sehemu ya kuhifadhia fedha. Tatizo ni kwamba kuna huduma ya kukamilishiwa muamala salio linapopungua, na mimi niliizoea. Kila nikiingiza fedha, deni linakatwa kwanza. Kinachobaki nakihamishia kwenye akiba, kisha baada ya siku chache kunatokea mchango au mtoto anadaiwa kitabu, nami nabonyeza tarakimu mbili tatu nakirudisha. Nilipakua pia programu ya kuhesabu siku mfululizo ambazo mtu ametimiza azimio lake. Niliporuka siku moja kwa sababu ya msiba, ilirudisha hesabu yangu kwenye sifuri na kunionyesha picha ya mmea ulionyauka. Siku hiyo niliacha kila kitu.

Juzi nilikuwa nimefungua kitabu saa mbili usiku, jambo ambalo ni nadra, umeme wa LUKU ukaisha. Nikanunua, nikaanza kuingiza zile tarakimu 20 kwa mwanga wa simu, nikakosea, nikarudia, nikakosea tena, na nilipofanikiwa hamu ya kusoma ilikuwa imeniisha. Mume wangu alikuwa sebuleni muda wote huo akiniuliza kama bado.

Mama, nina maswali mawili. Je, nikubali kwamba mimi si mtu wa maazimio, niibandue ile karatasi na kuendelea na maisha? Au niigawe hii simu janja kwa mdogo wangu, ninunue kitochi, nipumzike?

Ni mimi,
Aliyechoka na karatasi ya friji, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hilo la uzembe, kwa sababu umelitaja mapema kabisa na naona ndilo linalokuumiza kuliko waya wa chaji.

Mtu anayetoa ripoti ya Z kila siku hata akiwa na homa hawezi kuitwa mzembe, na kama angekuwa mzembe kwa asili yake, mwenye duka angeshaligundua hilo zamani, maana fedha zake ziko mikononi mwako. Jiulize ni kwa nini ripoti ile haikushindi. Haikushindi kwa sababu ina mahali pake: mteja wa mwisho ameondoka, milango haijashushwa, mashine iko mbele yako, kazi yenyewe inaisha kwa muda mfupi, na ukiiacha kuna mtu atakayeuliza. Huhitaji kuamka ukiwa na moyo wa chuma ili uitoe. Mwisho wa kazi ya duka ndio unaokukumbusha. Sasa soma tena karatasi yako. “Nisome kila siku.” Saa ngapi? Umekaa wapi? Baada ya kufanya nini? “Niweke akiba kila wiki.” Siku gani, kiasi gani, mkononi mwa nani? Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu tofauti iliyopo kati ya kutamani jambo na kulipangia wakati na mahali maalumu, kwa mtindo wa “likitokea hili, nitafanya lile”, na utafiti mwingi uliofuata ulionyesha kwamba aliyepanga hivyo hutimiza zaidi kuliko aliyeazimia kwa jumla tu. Wewe unaitumia mbinu hiyo dukani bila kufundishwa na mtu yeyote. Nyumbani umeandika matamanio, kisha ukaikabidhi simu kazi ya kuyasimamia.

Kosa la pili simu haihusiki nalo hata kidogo. Maazimio yako yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Umeazimia kulala saa nne, umeazimia kusoma kwa video zinazowezekana kuanzia saa sita, na umeazimia kuamka saa kumi na moja. Hata ungekuwa na simu mpya kabisa na umeme usiokatika mwaka mzima, mambo hayo matatu yasingekaa katika usiku mmoja. Mmoja wao angeshinda, na kwa kawaida hushinda yule anayedai kwa sauti kubwa zaidi, yaani kifurushi kinachokwisha muda wake. Kwa hiyo nakuomba ukubali kupanga upya kabla ya kujilaumu tena.

Napendekeza uanze na kutembea, kwa kuwa linahusu afya yako. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo ni sawa na nusu saa kwa siku tano, na halikuandika popote kwamba lazima ziwe za alfajiri au ziishie Raskazone. Kutoka Ngamiani hadi Chumbageni si safari ya kukutoa machozi. Ukishatoa ripoti ya Z na kufunga, usiite bodaboda. Vaa raba ulizoziacha chini ya kaunta, shika njia, rudi nyumbani kwa mguu wa haraka haraka, jua likiwa limepoa. Mazoezi yako yatakuwa yamefungwa kwenye kamba ile ile ambayo haijawahi kukukatikia. Siku ya mvua au ya mzigo mkubwa utapanda bajaji na hakuna kilichoharibika. Ila kutembea kusikufanye uruke tarehe za kliniki, na ukipewa dawa uzimeze kama ulivyoelekezwa.

Ukishaiondoa safari ya Raskazone, alfajiri inabaki wazi, na hapo ndipo pa kusomea. Unaamka kwa ajili ya swala kwa vyovyote vile. Baada ya salamu usinyanyuke kwenda jikoni, kaa mezani na kitabu hadi watoto waamke. Hata ikiwa ni nusu saa, ni nusu saa ya kichwa kilichopumzika, ambayo kwa somo la mahesabu naithamini kuliko saa mbili za kusinzia mbele ya video. Usome kwa karatasi. Nenda steshenari, toa nakala za mitihani iliyopita, nunua daftari la mistari na kikokotoo cha kawaida ambacho hakina uwezo wa kukuletea pilau. Video zile unazozihitaji kweli, zipakue zote kwa mpigo usiku mmoja wa mwisho wa wiki na kuzihifadhi, badala ya kuzikesha moja moja. Mitihani ya Bodi hufanyika Mei na Novemba, na usajili hufungwa mapema. Jisajili na ulipe sasa, ungali na hasira hii uliyoniandikia nayo. Ada iliyokwisha kulipwa husukuma mtu kwa namna ambayo karatasi ya friji haiwezi.

Na usingizi? Sioni sababu ya kuuita azimio. Ukishaacha kuisubiri saa sita, usingizi utakuja wenyewe, labda si saa nne kamili kwa mama mwenye watoto wawili, lakini utakuja.

Hapo ndipo kitochi kinapopata kazi. Usikirudie, kinunue. Nikikushauri uigawe simu janja nitakuwa nakudanganya, kwa sababu oda za dukani, taarifa za kikoba na matangazo ya walimu yanapita humo, na haitafika mwisho wa mwezi kabla hujaanza kumwomba mume wako yake. Lakini kitochi ni saa nzuri ya kuamshia: chaji yake inakaa siku kadhaa, hakijisasishi usiku, na ukikishika usiku wa manane hakina cha kukuonyesha zaidi ya saa. Kiweke upande wa pili wa chumba, mbali na mkono. Simu janja ilale sebuleni. Tanga isitoshe mna adhana, ambayo haijawahi kumwomba mtu namba ya siri. Kuhusu lile sasisho la Januari, ingia kwenye mipangilio uzuie simu isijisasishe bila ruhusa, na usasishe mwenyewe mchana wa Jumapili; baadhi ya simu, hasa za zamani kidogo, zikishawaka upya hazipigi kengele hadi mwenyewe azifungue. Waya wa chaji, mwanangu, ununue mwingine kesho. Kabla ya hapo zima simu, chukua kijiti kikavu cha meno, ukikwangue polepole kile kitundu cha chaji, kwa sababu mara nyingi waya hulaumiwa bure ilhali kitundu kimejaa vumbi na nyuzi za pochi.

Hata hivyo sitakubali kila kitu kibebeshwe simu. Ulipoamka usiku kuangalia kengele, simu haikukulazimisha kujibu meseji. Ulijibu kwa sababu kujibu ni kwepesi kuliko kulala na wasiwasi, na kwa sababu watu wamekuzoea kuwa mtu anayejibu. Hilo halitatibiwa na waya mpya.

Nije kwenye akiba, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwani barua nyingi ninazopokea zinaishia hapo hapo. Fedha uliyoiweka mahali unapoweza kuitoa kwa kubonyeza tarakimu tatu ukiwa umelala kitandani bado iko mfukoni, hata kama mfuko wenyewe umepewa jina la akiba. Lakini kinyume chake nacho kina shida. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2013 utafiti walioufanya miongoni mwa wanachama wa vikundi vya kuchangiana magharibi mwa Kenya, waliotaka kuweka fedha kwa ajili ya afya za familia zao. Baadhi walipewa kisanduku chenye kufuli pamoja na ufunguo wake, na wakaweka zaidi kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Wengine walipewa kisanduku kama hicho, ila ufunguo ukabaki kwa watu wa mradi hadi lengo litimie, na kwa wastani hicho hakikuwasaidia kugharimia mambo ya kinga. Mtu alisita kutumbukiza fedha ambayo dharura ikimfika usiku hawezi kuigusa. Waliofanya vizuri sana ni waliochangia mfuko maalumu ndani ya kikundi chao, ambako kulikuwa na zamu, kiasi kilichokubaliwa na macho ya wenzao.

Ninachokiona katika utafiti huo ni kwamba unahitaji sehemu mbili, na wewe una moja inayofanya kazi zote mbili vibaya. Fedha ya dharura na michango iwe kwenye kibubu nyumbani, kidogo kidogo, ukijua kabisa kwamba itatumika. Fedha ya mabati isikae nawe hata siku moja. Unafanya kazi katika duka linalouza mabati! Zungumza na mwenye duka akukate kwenye mshahara bei ya bati mbili au tatu kila mwezi, za geji uliyokwisha kuichagua, na yaandikwe kwenye daftari, safari hii wewe ukiwa ndiye unayemdai yeye. Mkubaliane mapema kama bei ni ya siku ya kukatwa au ya siku ya kuchukua, maana bei zikipanda urafiki huingia majaribuni, na kila mmoja abaki na nakala yenye sahihi. Wala usiyahamishie Pongwe kabla ya kenchi kusimama. Wewe unajua kuliko mimi jinsi mabati yaliyolaliana yanavyoota madoa meupe yakiingiwa na unyevu wa pwani, mbali na wezi wanaoyahamisha usiku. Mwenye duka akikataa, kikoba chako kipo. Omba hisa zako za kila wiki ziongezwe na gawio lielekezwe huko. Lakini kabla ya yote hayo lipa lile deni la kukamilishiwa muamala, kisha ujitoe katika huduma hiyo. Ni ghali kwa mtu anayeitumia kwa mazoea, na ukishajenga kibubu hutaihitaji.

Ile programu ya mmea ulionyauka uifute leo. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu ndiyo iliyokuvunja, si msiba. Kuna imani iliyoenea kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21, na chimbuko lake hutajwa kuwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji si chini ya siku 21 kuizoea sura mpya. Watu wakalidondosha lile “si chini ya”. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti wa watu 96 uliochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba jambo jipya lilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, ila kwa wengine 18 tu na kwa wengine makadirio yalifika 254. La muhimu kwako ni hili: waligundua kwamba kuruka siku moja hakukurudisha nyuma ujenzi wa mazoea kwa kiasi cha kujali. Hakuna sifuri. Uliyeenda msibani ulikwenda panapostahili, na kesho yake ulikuwa na haki ya kuendelea ulipoishia. Chukua kalenda ya ukutani, zile mnazogawia wateja mwisho wa mwaka, uweke alama ya kalamu siku uliyosoma na siku uliyotembea. Siku tupu ibaki tupu, usiifute wala kuielezea. Wala usingoje Januari ndipo uanze upya. Watu wa Makunduchi kule Zanzibar huuaga mwaka wao mwezi Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, na Jumatatu ipo kila wiki.

WhatsApp nayo ni kazi ya Jumapili moja. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, fungua sehemu ya kusimamia hifadhi ufute video kubwa, kisha nyamazisha makundi yote isipokuwa la kazi na la walimu, ukichagua yanyamaze siku zote. Usiyafunge kabisa masikio yako, kwani hata hilo lina gharama: watafiti waliofanya jaribio nchini India, lililochapishwa mwaka 2019, waliona kwamba watu waliopokea arifa zao kwa mafungu matatu kwa siku walipungukiwa na msongo, ilhali walionyimwa arifa zote walizidiwa na wasiwasi wa kupitwa na mambo. Basi yafungue mara tatu: baada ya chai, mchana, na kabla ya kuiacha simu sebuleni. Kamati za harusi mimi nina msimamo wangu, na wasomaji wengine watanikasirikia. Mtu akishatoa mchango wake kwa mweka hazina na akathibitishiwa, anaweza kuaga kwa heshima na kutoka. Ukitaka kubaki kwa ajili ya undugu, baki katika moja. Mwombe pia katibu awe ndiye pekee anayesahihisha orodha, mara moja jioni. Utashangaa watakavyokushukuru watu waliokuwa wanaogopa kuanza kusema.

Ile karatasi ya friji ibandue, ndiyo. Andika nyingine yenye mistari miwili tu: “Nikishatoa ripoti ya Z, natembea hadi nyumbani.” “Nikishaswali alfajiri, nasoma mezani hadi watoto waamke.” Mengine uliyoyaandika yamekwisha kupata kwao. Binti yako mwachie nafasi ya kuongeza lake kwa penseli, kwa kuwa ana jicho zuri.

Limebaki la umeme. Sioni ni kwa nini aliyekuwa amefungua kitabu ndiye aliyeinuka kuingiza tarakimu, na aliyekuwa amekaa sebuleni ndiye aliyeuliza kama bado. Mwambie kwa upole, si usiku huo huo wa kugombana, kwamba kuanzia mwezi huu LUKU ni yake: anunue mara moja kwa mwezi mzima badala ya vipande vya siku tatu tatu, ajue uniti zimebaki ngapi, na namba ikija aiingize mwenyewe. Akisema haoni vizuri gizani, tochi iko kwenye kile kitochi.